Timu ya Kuogelea ya Watoto Kisumu: Misingi Yake na Namna ya Kufundisha

Timu ya kuogelea ya watoto kwenye mwambao wa Ziwa Victoria ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha mtoto hafi maji. Ya pili ni kumfundisha kuogelea kwa kasi, ashindane na, akijaliwa, ashinde. Timu inayoanza na ya pili, ikakimbilia medali kabla kila mtoto hajajua kuelea, inaweza kurudi na vikombe kutoka gala za shule, lakini haijafanya kazi iliyoitwa kufanya.

Maji yenyewe ni mengi. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 68,800, na ingawa sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, Ghuba ya Winam imejipenyeza nchi kavu mpaka mlangoni mwa Kisumu. Dunga, Usoma, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita na Usenge, watoto huchota maji, hufua, hucheza na hupanda mashua tangu wakiwa wadogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linapendekeza watoto wa kuanzia miaka 6 wafundishwe misingi ya kuogelea na usalama wa majini.

Tatizo la Kisumu ni kwamba mabwawa ya kuogelea mengi yamo ndani ya hoteli, vilabu na shule za kulipia. Mtoto wa mvuvi wa Dunga, anayeliona ziwa kila asubuhi akifungua mlango, ndiye aliye mbali zaidi na bwawa lenye mwalimu. Kwa hiyo swali la kwanza la maadili ya timu ni nani anayeingia kwenye maji hayo. Jibu la maana ni kutenga nafasi kadhaa kila muhula kwa watoto wa mwambao wasio na karo, na kuziandika kwenye bajeti kabla ya kununua sare za timu. Kamati za usimamizi wa fuo, zile BMU ambazo kila mvuvi anazijua, zinafaa kuwapendekeza watoto hao kwa kuwa zinajua ni katika nyumba zipi watoto wanapanda mashua. Nafasi za hisani zinazotolewa dakika ya mwisho, kwa anayejuana na kocha, hazihesabiki.

Usalama kabla ya kasi

Misingi ya timu haisomwi kwenye bango lililotundikwa ukutani. Inasomwa kwenye ratiba na kwenye mambo yanayofanyika dakika tano za mwanzo. Katika timu inayoendeshwa vizuri, hakuna mguu unaolowa kabla ya hesabu. Majina husomwa daftarini, watoto hupangwa wawili wawili, na kila mmoja humjua mwenziwe wa siku hiyo. Katikati ya zoezi, bila taarifa, kocha hupiga filimbi mara tatu. Kila jozi hushikana mkono na kuuinua juu, na msaidizi huhesabu mikono kwa sauti. Hesabu isipotimia, watu hawaulizani. Wote hutoka majini, na mwokoaji huangalia chini ya maji kwanza, vyooni baadaye. Zoezi hilo huchukua chini ya nusu dakika. Watoto hulipenda kama mchezo, na hakuna ubaya.

Sababu ya ukali huo ni kwamba mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Kinywa kinatafuta hewa, mikono inasukuma maji chini, na anayetazama kwa mbali huweza kudhani anacheza. Mtu mmoja mwenye mafunzo ya uokoaji lazima awe ukingoni muda wote bila kazi nyingine: asifundishe, asipokee karo, asishike simu. Anapaswa kujua kwamba kwa aliyezama, huduma ya kwanza huanza na kumpulizia pumzi, kwa kuwa kilichomkosesha uhai ni ukosefu wa hewa. Maji ya bwawa nayo yawe safi kiasi cha kuonekana sakafu upande wa kina kirefu. Klorini huru ikae kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Meneja wa bwawa asiyeweza kuonyesha vipimo vya siku hiyo hana budi kuambiwa kwamba siku hiyo timu haiingii.

Mashindano ya kubana pumzi chini ya maji hupigwa marufuku kabisa, hata kwa mzaha. Anayevuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama hupunguza hewa ya kaboni dioksaidi mwilini, na kaboni hiyo ndiyo humfanya mtu ahisi haja ya kuvuta pumzi. Ikipungua, haja haiji kwa wakati wake. Oksijeni huisha kwanza na mtu huzimia kimya kimya. Waogeleaji hodari ndio wanaopatwa na hili zaidi, maana wanaoogopa maji hawajaribu.

Radi nayo haina mjadala. Mvua za alasiri za Kisumu hujengeka haraka, hasa kati ya Machi na Mei. Ngurumo ya kwanza ikisikika, watoto hutoka na kukaa ndani ya jengo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Bwawa au ziwa

Wageni huuliza kwa nini timu ya mji wa ziwa ilipie bwawa. Jibu linaanza na kichocho. Konokono wa kandokando ya ziwa hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya anayeingia majini, na kichocho cha Ziwa Victoria ni kile kinachoshambulia utumbo na ini. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa limepanda, tangu katikati ya asubuhi hadi alasiri, saa zile zile ambazo watoto wangependa kuogelea. Basi mtu angesema waende alfajiri, ziwa likiwa tulivu kabla upepo wa mchana haujaanza. Lakini alfajiri ndiyo saa ambayo kiboko anarudi majini kutoka malishoni, na jioni ndiyo saa anayotoka. Ongeza gugumaji linaloweza kuziba ufuo kwa usiku mmoja, na maji ya ghuba yenye tope ambamo aliyezama mita moja tu haonekani tena. Hakuna saa ya siku inayolifanya ziwa kuwa darasa la kila siku la watoto, na kocha anayedai amezoea ana bahati tu.

Hata hivyo ziwa haliwezi kuachwa nje ya masomo, maana ndilo litakalomkuta mtoto siku mashua ikipinduka. Masomo yake hufanyika ndani ya bwawa. Mara moja kila muhula watoto huingia majini na nguo kuukuu na viatu, wakajionea jinsi shati lililolowa linavyovuta mikono na sweta linavyokuwa mzigo. Hufundishwa kuvaa jaketi okozi wenyewe na kufunga kila kamba, kushikilia ubavu wa mashua iliyopinduka badala ya kuiacha na kuogelea kuelekea ufuoni, na kuelea chali wakipumua huku wakisubiri. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo. Watu wengi wenye nguvu wamedanganywa na umbali huo.

Uokoaji nao hufundishwa kwa mpangilio: kuita mtu mzima, kumnyooshea aliye majini mti au kasia, kumtupia kitu kinachoelea, na kutomfuata kamwe. Jerikani tupu ya lita 5 iliyofungwa kifuniko barabara humshikilia mtoto kichwa kikiwa juu ya maji, na ikifungwa kamba ya mita kumi huwa kifaa cha uokoaji ambacho kila nyumba ya mwambao inacho tayari. Watoto hujizoeza kuitupa mpaka waweze kuipitisha nyuma ya bega la mwenzao, kisha kamba ivutwe imfikie. Wakiweka maji kidogo ndani, hurushika mbali zaidi bila kupeperushwa.

Kwa watoto wanaoishi ufuoni, kuingia ziwani hakuzuiliki kwa amri. Timu huwaelekeza wazazi kuwapeleka wapimwe kichocho kituo cha afya, na dawa ya prazikwanteli inapogawiwa shuleni isikosekane. Watoto wa Gwassi na Suba hukua na kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare, aliyepata mali kutoka ziwani na mali hiyo ikarudi huko huko alipokosa adabu. Kocha anayekijua kisa hicho ana mlango rahisi wa kuzungumzia heshima kwa maji bila kumtisha mtoto. Vitisho ndivyo vinavyozaa watoto wanaoogopa beseni.

Mpangilio wa kufundisha

Kosa la kawaida la makocha wapya ni kuanza na mikono. Mtoto hufundishwa kuzungusha mikono ya mtindo huru siku ya pili, hupiga maji kwa nguvu, husogea mita nne, husimama akihema, na kila mtu humpigia makofi. Hajajifunza kitu. Mpangilio unaofaa huanza na pumzi, kisha kuelea, kisha kuteleza, kisha miguu, na mikono huja mwisho.

Pumzi huanza nje ya bwawa. Mtoto anayekataa kuweka uso majini hupewa kazi ya nyumbani: beseni, maji ya uvuguvugu, apulize mapovu kwa pua na mdomo akihesabu mpaka tatu. Ndani ya bwawa hushikilia ukingo na kurudia hilo hilo. Hasukumwi, hamwagiwi maji kichwani, na wala hatupwi upande wa kina kirefu ajitafutie. Njia hiyo ya kutupwa ina watetezi wengi miongoni mwa wanaume waliofundishwa hivyo. Waliofundishwa hivyo na ikashindikana hawapo kuitetea. Mtoto akikaa siku tatu ukingoni akitia miguu tu, akae. Siku ya nne mara nyingi huingia mwenyewe, kwa sababu wenzake wanacheka na yeye hayumo.

Kuelea hufuata, chali na kifudifudi. Hapa kocha hutazama kichwa. Mtoto anayeinua kichwa ili atazame mbele hushusha kiuno na miguu, na kuanzia hapo anapanda mlima ndani ya maji. Uso ukitazama sakafu, mwili hulala wenyewe. Kuteleza ni kusukuma ukuta kwa miguu, mikono ikinyooshwa mbele, na kuacha mwili uende mpaka usimame. Ni zoezi la kuchosha kulitazama, lakini mwogeleaji wa miaka 14 anayepitwa kila akigeuka ukutani ni yule aliyerukishwa hatua hii akiwa na miaka 7.

Rangi za kofia humwonyesha kila aliye ukingoni ni nani anaweza nini: nyekundu kwa asiyeelea, manjano kwa anayeelea na kuteleza, kijani kwa aliyefaulu kipimo cha kujiokoa. Mpango wa SwimSafe wa Bangladesh, nchi yenye vijiji vilivyozungukwa na maji kama ilivyo Nyanza, ulitumia kipimo cha kuogelea mita 25 na kuelea sekunde 30, na kipimo hicho kinatosha hapa pia. Mtindo haujalishi. Anayefika mita 25 kwa mtindo wake wa ajabu amefaulu, kusahihishwa kutakuja. Kabla ya kofia ya kijani mtoto hasajiliwi kwa shindano lolote, hata kama baba yake ni mwenyekiti wa kamati.

Baada ya hapo ndipo mitindo minne huingia: huru, chali, chura na kipepeo. Vipindi viwili vya dakika 45 kwa wiki vinawatosha wa miaka 6 hadi 8. Wa miaka 9 hadi 11 huongezewa cha tatu cha saa moja. Wanaokaribia miaka 13 na wanaotaka wenyewe, si wanaotakiwa na wazazi, wanaweza kufika vinne au vitano. Katika kila kipindi kocha husahihisha jambo moja kwa kila mtoto. Mambo matatu kwa pamoja ni kelele, na masikioni mwake tayari kuna maji. Maneno yawe mafupi: puliza, nyoosha, tazama chini. Lugha iwe ile mtoto anayoielewa upesi, iwe Kiswahili, Kijaluo au mchanganyiko wa mtaani. Bwawani si mahali pa kumrekebishia mtu sarufi.

Ulimi na mkono wa kocha

Kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya mwili na manyanyaso ya akili kwa mwanafunzi. Bwawani adhabu huvaa sura nyingine: mizunguko kumi ya ziada kwa aliyechelewa, kukaa majini mtoto akitetemeka, kuitwa jina la mnyama mbele ya wenzake. Kumwadhibu mtoto kwa kuogelea kunamfundisha kwamba kuogelea ni adhabu, na timu itashangaa kwa nini anaacha akifika miaka 12. Anayechelewa hukosa mchezo wa mwisho wa kipindi, basi.

Mwili wa mtoto haujadiliwi. Kocha husema kiwiko kimeshuka. Hasemi mtoto amenenepa. Wasichana huacha mchezo huu wengi wao wanapovunja ungo, na sababu mara nyingi ni ndogo kiasi cha aibu: hakuna mahali pa faragha pa kubadilishia nguo, hakuna mtu mzima wa kike wa kuzungumza naye, vazi linalobana, maneno ya wavulana. Timu isiyo na mwanamke mmoja ukingoni haijajiandaa kuwa na wasichana. Msichana aliye hedhini huamua mwenyewe kuingia au kutoingia na haulizwi mbele za watu. Anayetaka kuvaa mavazi ya kusitiri mwili avae, mradi hayamzuii kusogea. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri kikamilifu, na kuelea kukawezekana.

Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, si chumba cha kubadilishia nguo, si ndani ya gari, si kwenye mazoezi ya binafsi. Kocha huwaandikia wazazi, si watoto, na picha za watoto wakiwa na nguo za kuogelea hazipigwi wala hazisambazwi kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini hiyo. Nambari 116, laini ya bure ya kuwasaidia watoto, hubandikwa ukutani kwenye chumba cha kubadilishia, kwa kimo cha macho ya mtoto.

Gala na wazazi

Watoto wa umri mmoja hawana mwili mmoja. Mvulana wa miaka 12 aliyebalehe mapema atamwacha mwenzake kwa urefu wa mwili mzima, na miaka mitatu baadaye mambo yakageuka. Kwa hiyo timu hupima kila mtoto dhidi ya muda wake wa mwanzo, na kwenye gala za ndani hutangaza kwanza aliyepunguza sekunde nyingi zaidi, kisha mshindi. Hakuna anayeondoka ukingoni mpaka wa mwisho aguse ukuta. Kanuni hii hupuuzwa siku jua likiwa kali, na siku hiyo ndiyo inahitajika.

Watoto hupenda kusikia habari za Jason Dunford, na inafaa wazisikie zote. Katika mchujo wa mita 100 kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing, Agosti 2008, Mkenya huyo aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14. Ilivunjwa na Milorad Čavić wa Serbia katika mchujo huo huo. Dunford aliingia fainali akamaliza wa tano, na mwaka 2010 akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi.

Wazazi hupewa mkutano mmoja mwanzoni mwa muhula, na humo huambiwa mambo machache kwa uwazi. Hawafundishi kutoka kwenye viti. Mzazi mwenye saa ya kupimia muda mkononi huifanya kazi ya kocha kuwa ngumu na ya mtoto kuwa ngumu zaidi. Karo inajumuisha kiingilio cha bwawa na malipo ya mwokoaji, na hesabu zake husomwa mbele yao. Miwani ya kuogelea haiazimwi kwa sababu ya magonjwa ya macho. Kocha hauzi miwani hiyo kwa faida yake. Mtoto hapandishwi bodaboda peke yake na nywele mbichi saa moja usiku; anayekuja kumchukua huandikwa jina daftarini, na asipofika, mtoto hubaki na watu wazima wawili. Anayekuja na njaa hupewa uji kabla ya kubadilisha nguo kurudi nyumbani, maana baadhi ya watoto wa nafasi za mwambao wametembea kutoka mbali.

Mwaka wa mazoezi hufuata mwaka wa shule. Wanafunzi wa gredi ya 6 na ya 9 hupunguziwa vipindi kabla ya tathmini ya kitaifa bila kupoteza nafasi zao, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba hutumiwa kwa kozi fupi za watoto wapya, wakati watoto wengi wako nyumbani na wako karibu na maji. Waogeleaji waliofikisha miaka 15 wanaweza kusaidia kozi hizo wakiwa chini ya macho ya kocha, baada ya mafunzo ya huduma ya kwanza, wakiwa na kundi lisilozidi watoto wanne ndani ya maji ya kifuani. Daftari la kozi huandika jina la mtoto, anakoishi, rangi ya kofia aliyoingia nayo na aliyotoka nayo, na simu ya anayemlea. Wale waliotoka na kofia nyekundu ndio wanaoitwa kwanza likizo inayofuata.